Chenga, kuganda na kioo cheusi: maneno ya TV ya kuyajua kabla hujampigia fundi

Kuna mzee mmoja wa Nansio alinipigia simu alfajiri. "Fundi, TV imekufa. Kioo cheusi tii, sauti hamna. Njoo na mashine zote." Nikapanga begi: taa za nyuma za inchi 43 seti mbili, mita, bisibisi, soda ya kulehemu, hadi bodi ya umeme ya akiba. Nikapanda meli ya Ukerewe, saa tatu na ushee majini. Nimefika, nimekaribishwa, nimepewa chai na maandazi. Nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe kimoja mara mbili, taarifa ya habari ikatokea. Mjukuu alikuwa amehamisha TV kutoka HDMI kwenda AV, yaani kutoka tundu moja la picha kwenda jingine lisilo na waya. Na kulikuwa na maandishi madogo ya Kizungu yakielea kwenye kioo kutwa nzima kusema hakuna picha inayoingia, lakini hakuna aliyeyataja kwenye simu.

Mzee alinitazama, akalitazama begi, akacheka mpaka akakohoa. Nauli alinipa. Ila kosa lilikuwa la wote wawili: yeye hakujua aseme nini, na mimi sikujua niulize nini. Tangu hapo nina utaratibu wangu wa kumhoji mteja kabla sijavaa viatu, na huo ndio ninaouandika hapa. Maneno yenyewe si mengi, na ukiyajua utajitibia mengine mwenyewe. Hata dukani watakuonea aibu kidogo.

Hatua ya 1: Jua picha inapita njia gani

TV ni dirisha tu. Picha inaanzia kwenye chanzo: king'amuzi, deki ya DVD, kompyuta mpakato, flashi iliyochomekwa ubavuni. Kutoka hapo inasafiri kwenye waya, inaingia kwenye tundu la TV, bodi inaisoma, halafu kioo kinaionyesha. Kinachosafiri humo ndiyo signali. Wengine tunasema mawimbi, vitabu vinasema ishara. Kwa hiyo ukisema "TV mbovu" umewataja watu kadhaa kwa jina moja.

Kitufe cha kuchagua chanzo kipo karibu kwenye kila rimoti ya TV. Mara nyingi kina alama ya kisanduku chenye mshale unaoingia ndani. Mtaani tunakiita sosi, na si ile ya chipsi. Ukikibonyeza inatokea orodha: TV, AV, HDMI 1, HDMI 2, USB. Tazama waya wako umechomekwa tundu gani nyuma, kisha chagua jina hilohilo. Kama waya uko HDMI 2 na wewe umechagua HDMI 1, TV itakaa gizani na hakuna chochote kilichoharibika.

Sasa kipimo ambacho ningetaka kila mwenye TV akijue, maana hakina gharama. Bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti ya TV yenyewe, si ya king'amuzi. Menyu hiyo haitoki nje. TV inaichora yenyewe. Ikitokea safi, maandishi yamekaa, rangi ziko sawa, basi kioo ni kizima, na ugonjwa uko kwenye chanzo au waya. Ikiwa menyu nayo ina mistari, ina kivuli au nusu haionekani, ugonjwa uko ndani ya TV, na hapo usihangaike na dishi.

Kama menyu haionekani kabisa ila sauti unaisikia, subiri usiku au zima taa chumbani. Washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kwa kuilaza kidogo, uchungulie. Ukiona picha hafifu, kama mtu nyuma ya pazia zito, picha ipo ila taa za nyuma zimekufa. TV hizi bapa zinazouzwa kwa jina la LED kioo chake hakitoi mwanga. Ni kioo kioevu, LCD ileile, kinachoruhusu au kuzuia mwanga wa vipande vya taa vilivyopangwa nyuma yake. Taa hizo mara nyingi zimeungwa kwa mfuatano, kama taa za mapambo za zamani: moja ikiungua, mstari mzima unazimika. Hiyo inatengenezeka. Lakini mistari ya kusimama inayobaki palepale hata kwenye menyu, au doa jeusi lililosambaa kama wino, ni kioo chenyewe. Kioo bei yake inakaribia TV nyingine, kwa hiyo fundi anayekuahidi kukirudisha kwa elfu ishirini muulize mara mbili.

OLED ni kitu kingine, maana kila nukta inawaka yenyewe na hakuna taa za nyuma. Huku kwetu bado ni za wachache.

TV ya chogo, kama bado unayo, usiifungue. Ndani ya lile chogo kuna volti zaidi ya 20,000, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Hatua ya 2: Sema kama ni chenga au ni kuganda

Hapa ndipo watu wengi wanaponipoteza. Mteja anasema "ina chenga," nafika nakuta picha imeganda vipande vipande kama vigae. Hayo ni magonjwa mawili ya enzi mbili.

Chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazowakawaka na kuunguruma, ni za analojia. Signali ya analojia inashuka polepole: mawimbi yakipungua picha inazidi kuchafuka, lakini unaendelea kumwona mtangazaji kwenye mvua ya mchanga. Ndiyo maana enzi zile mtoto alipanda kuzungusha antena, mwingine yuko dirishani anapiga kelele "hapohapo, rudi kidogo!" Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia 2013, na Mwanza zamu yetu ikafika mapema mwaka huohuo. Hapo ndipo ving'amuzi vilipoingia kila nyumba.

Dijitali haichafuki kidogo kidogo. Picha imegeuzwa kuwa namba, na king'amuzi kina hesabu za kusahihisha namba zilizopotea njiani. Kikiweza kusahihisha, picha ni safi kabisa, huwezi hata kujua kuwa mawimbi ni dhaifu. Kikizidiwa, ghafla unaona vigae, sauti inakatika katika, picha inaganda, kisha giza. Ni kama mtumbwi: maji ukingoni si tatizo mpaka yanapoingia.

Kwa hiyo usisubiri kuganda. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya kupima mawimbi, utaona mistari miwili. Mmoja ni nguvu, mwingine ni ubora, na si kitu kimoja. Nguvu inaonyesha ni kelele kiasi gani inaingia kwenye waya, iwe yako au isiwe yako. Ubora unaonyesha ni kiasi gani cha hiyo kelele kinasomeka. Dishi likipigwa na upepo likasogea, nguvu inaweza kubaki juu na ubora ukaporomoka, maana jicho la dishi bado lina umeme na linapokea, ila linatazama pasipo na setilaiti. Zote mbili zikiwa sifuri, shuku waya umekatika au jicho limekufa. Ukinipigia, nitajie namba zote mbili. Ile ya nguvu peke yake hainiambii kitu.

Jicho hilo ndiyo LNB. King'amuzi kinaliendesha kwa umeme unaopanda kwenye waya uleule wa picha: volti 13 kwa mawimbi ya kusimama, volti 18 kwa ya kulala, na chaneli zimegawanywa kati ya hayo mawili. Ndiyo maana kuna ugonjwa wa ajabu ambapo chaneli nusu zipo na nusu hazipo. Mara nyingi volti 18 hazifiki juu, kwa sababu ya waya mwembamba, waya mrefu mno, au kutu kwenye kile kichwa cha skrubu. Huku kando ya ziwa kutu ni jirani wa kudumu. Ukifungua kichwa ukakuta unga wa kijani, kata kipande, chuna upya, kaza, zungusha utepe wa raba nje. Waya uwe ule mnene wa omu 75, usiungwe kwa kusokota kama waya wa kengele.

Na fundi aliyezoea Dar akija Mwanza na namba zake za kichwani atahangaika. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kama nyuzi 2 na nusu kusini, na longitudo yetu ni kama nyuzi 33. Setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki kwetu iko karibu na utosi, kama nyuzi 85 kutoka upeo wa macho. Ile ya nyuzi 7 iko magharibi, upande wa Geita kwa mwendo wa jicho, kama nyuzi 60 juu, wakati Dar ni kama nyuzi 52. Mimi nilipoanza kazi niliwahi kukaa juu ya bati Nyegezi kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri nikitafuta setilaiti kwa pembe niliyonakili kwenye karatasi ya mtu wa Dar. Niliungua shingo wiki nzima.

Dishi linalotazama juu hivyo pia linakusanya maji na majani. Lifute. Mvua yenyewe huwezi kuifuta: mawimbi haya yako kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, na matone mazito yanayameza. Dhoruba ikija toka ziwani alfajiri na picha ikaganda dakika ishirini, hakuna kibovu. Rudi kitandani.

Hatua ya 3: Utambue waya kwa rangi na umbo

Waya wa AV ni ule wa vichwa vitatu. Njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na ya kulia. Ukikosa sauti upande mmoja usilaumu spika, angalia hivyo viwili kwanza. Picha yote, mwangaza pamoja na rangi, imebanwa kwenye ule waya mmoja wa njano, na haiwezi kuzidi kiwango cha zamani cha mistari 576 inayoonekana. Ukiunganisha king'amuzi kizuri na TV kubwa kwa waya wa njano, umemsafirisha sato mbichi kwenye gunia la mkaa.

TV mpya nyingi zimechanganya tundu la njano na la kijani (la ule waya mwingine unaoigawa picha njia tatu) kuwa moja. Ukichomeka njano humo na TV ikiwa kwenye chanzo kisicho sahihi, picha inatoka nyeusi na nyeupe. Watu wanadhani rangi zimeungua. Badilisha chanzo kwenda AV, rangi zinarudi.

Kuna sababu ya pili ya nyeusi na nyeupe kwenye deki za zamani: PAL na NTSC. Ni njia mbili za kufunga rangi kwenye picha ya analojia. PAL, ambayo ndiyo tuliyotumia sisi, ina mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. NTSC ya Marekani na Japani ina mistari 525 na karibu picha 30. Deki ikisema NTSC na TV ya chogo ikajua PAL tu, rangi zinapotea au picha inapanda juu bila kukoma. Kwenye menyu ya deki kuna mahali pa kuchagua, weka PAL.

VGA ni ule wa bluu wenye pini 15 na skrubu mbili, wa kompyuta na projekta. Unabeba picha tu, hauna sauti. Nimeona sherehe nzima pale mjini ikisubiri fundi kwa sababu MC hakujua hilo.

HDMI ndiyo mfalme wa sasa: pini 19, picha na sauti humohumo, dijitali mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa ni dijitali, ugonjwa wake si chenga. Waya mbovu au mrefu mno unaleta nukta zinazometameta kama vimulimuli, au picha inazimika sekunde mbili na kurudi. Mita tano hazina shida, kumi unaanza kubahatisha, zaidi ya hapo tafuta waya uliotengenezwa kwa umbali huo. Waya wa bei mbaya wenye dhahabu hauongezi uzuri wa picha. Namba zikifika zote, zimefika. Waya wa bei nafuu unaofikisha namba zote unatoa picha ileile.

Jambo moja zaidi kwa wenye mabanda ya kuonyesha mpira. Kwenye HDMI, chanzo na TV vinaongea kabla ya picha kutoka. TV inajitambulisha ukubwa wake, na chanzo kinauliza kama inaruhusiwa kuonyesha picha iliyofungwa dhidi ya kunakiliwa; kufuli hilo linaitwa HDCP. Ukiweka kigawanyio cha HDMI ili king'amuzi kimoja kilishe TV mbili, na moja ikawa ya zamani, vifaa vinaweza kukubaliana na kiwango cha yule mdogo, zote mbili zikatoa picha hafifu au giza. Chomoa moja uone. Na kabla ya kuchomeka au kuchomoa HDMI, zima vyote ukutani. Matundu mengi ninayobadilisha yaliungua kwa haraka hiyo.

Hatua ya 4: Soma namba za kwenye boksi

Hii ni ya siku unaponunua. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona ya kioo, bila fremu. Inchi 32 ni sentimita 81. Nenda na futi yako ya kupimia madukani Makoroboi. Atakayenuna muache anune.

Resolusheni ni idadi ya nukta, yaani pikseli: za mlalo mara za wima. 1280 kwa 720 inaitwa HD. 1920 kwa 1080 ni HD kamili, zaidi ya nukta milioni mbili. 3840 kwa 2160 ndiyo 4K, zaidi ya milioni nane. Ujanja ulioko sokoni ni neno "inapokea". TV nyingi za inchi 32 zina kioo cha 1366 kwa 768, nukta milioni moja na kidogo, lakini boksi linasema inapokea 1080. Ni kweli inapokea. Halafu inazipunguza. Muulize muuzaji kioo chenyewe kina nukta ngapi, usikubali jibu la kinachoingia. Mimi mwenyewe niliuziwa hivyo duka moja mjini, nikaja kugundua nyumbani nilipochomeka kompyuta na maandishi yakatoka kama yamelowa.

Lakini 4K bila chanzo cha 4K ni chumba kikubwa chenye kiti kimoja. Kwa inchi 32 na matangazo ya kawaida, HD kamili inatosha, pesa iliyobaki nunua stabilaiza.

Herufi p na i baada ya namba: 1080p maana yake mistari yote inachorwa kwa mkupuo, 1080i inachorwa kwa zamu, ile ya witiri kwanza, halafu ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. TV inapoziunganisha vibaya, mchezaji anayekimbia anatoka na meno ya kitana pembeni mwa mwili. Ukiona meno ya kitana kwenye mpira na huyaoni kwenye picha iliyotulia, ingia kwenye king'amuzi ujaribu kubadili kutoka i kwenda p, au kinyume chake, uchague inayokufaa.

Hezi ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde: 50 au 60 kwa TV za kawaida. Boksi likiandika 400 kwa maneno ya kung'aa, mara nyingi ni hesabu za matangazo. Na mistari inayotembea unapoirekodi TV kwa simu si ugonjwa. Ni kamera na kioo ambavyo havikupepesa kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Rekebisha umbo la picha

Niliitwa na mama mwenye banda la mpira karibu na mwalo wa Igombe. Kanunua TV ya inchi 65, lakini wateja wanalalamika. Nimeingia dakika ya sitini na kitu ya mechi, nikajua tatizo bila kuuliza, kwa sababu benchi la mbele walikuwa wanabishana ni dakika ya ngapi.

"We ngosha, sitini na nne!"

"Sabini hiyo, mimi nina saa."

Kibandiko cha dakika na magoli pale kona ya juu kilikuwa kimekatwa. Ilionekana nusu ya chini ya namba tu. Na wachezaji wote walikuwa wafupi na wanene, mpira umekuwa yai.

Hayo ni mambo mawili. La kwanza ni uwiano wa picha. TV za chogo zilikuwa 4:3, karibu mraba. Za sasa ni 16:9. King'amuzi chake kilikuwa bado kimewekwa 4:3 tangu enzi ya TV ya zamani, na TV mpya ikaivuta picha kujaza kioo. Nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, nikaweka 16:9, watu wakarefuka.

La pili ni kukatwa kingo. TV za chogo zilikuwa hazina kingo sahihi, kwa hiyo watengenezaji walizoea kuikuza picha kidogo ili pembe chafu zifichwe na fremu. Tabia hiyo imerithiwa hata na TV bapa ambazo haziihitaji. Kwenye menyu ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha, tafuta chaguo la kuonyesha picha ilivyo, nukta kwa nukta. Jina linatofautiana TV hadi TV, kwa hiyo pitia moja moja huku ukiangalia kona. Kibandiko kikajitokeza: dakika ya 71. Yule mwenye saa akanunua soda.

Hatua ya 6: Mwangaza, kontrasti na jua la saa tisa

Vidhibiti viwili huchanganywa na karibu kila mtu. Kinachoitwa mwangaza kwenye menyu nyingi hakidhibiti taa, kinadhibiti weusi. Ukikipandisha mno, usiku unakuwa kijivu kama majivu. Kontrasti inadhibiti weupe. Ukiipandisha mno, jezi nyeupe inakuwa shuka lisilo na mikunjo. Kidhibiti cha taa za nyuma ni cha tatu, chenye jina lake. Fanya hivi: weka mechi au filamu yenye mtu mwenye nywele nyeusi na shati jeupe. Shusha mwangaza mpaka nywele ziwe nyeusi ila bado uone nyuzi. Pandisha kontrasti mpaka shati ling'ae ila bado uone vifungo. Taa za nyuma weka kwa kadiri ya chumba, na usiku zishushe. Ndizo zinazokufa mapema, na TV inatoka dukani zikiwa juu kabisa ili ishindane na taa za duka. Ukali wa picha nao ushushe hadi mistari myeupe kuzunguka watu ipotee.

Projekta hupimwa kwa lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga inaotoa. Usiamini namba iliyoandikwa tu lumeni. Dai lumeni za ANSI (shirika la viwango la Marekani), maana hizo zina kanuni ya kuzipima. Kisha kumbuka hesabu hii: ukirudisha projekta nyuma picha ikawa na upana mara mbili, mwangaza unabaki robo, kwa sababu mwanga uleule umetandazwa eneo mara nne. Kwenye banda la mabati yenye matundu, mechi ya saa tisa alasiri, projekta ndogo haitakuokoa. Ziba matundu kwanza, ni rahisi kuliko kununua lumeni. Na msimu wa wadudu wa ziwani, wale wanaotanda kama moshi, safisha chujio la hewa kila siku mbili. Wanafuata mwanga, wanajaa humo, projekta inachemka na kujizima.

Kuhusu goli la jirani

Hili naulizwa sana: kwa nini banda la pili wanashangilia kabla yetu? Huko kunaitwa kuchelewa kwa signali. Kupanda hadi setilaiti, karibu kilomita 36,000, na kurudi ni kama robo sekunde tu. Muda mwingi unaliwa na kubana picha kuwa namba na kuifungua, sekunde kadhaa. Anayetazama kwa intaneti anaweza kuchelewa hata nusu dakika, kwa sababu programu inajiwekea akiba kwanza. Pamba Jiji wakicheza CCM Kirumba, sisi tunaokaa jirani hatuna haja ya ubishi. Goli tunalisikia dirishani, kisha tunageuka kulitazama kwenye TV. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Zima notifikesheni za simu, basi.

Hatua ya mwisho: ujumbe wa kumtumia fundi

Radi ikianza, chomoa umeme na pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Radi za kwetu zinashuka kwa waya ule mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mengine yote yakikushinda, andika ujumbe wenye vitu hivi: chanzo, aina ya waya, menyu ya TV ikoje, nguvu na ubora, chaneli zote au baadhi, na ilianza baada ya nini.

Yule mama wa Igombe alijifunza siku ileile. Juzi kanitumia: "Mwanangu, king'amuzi cha dishi, HDMI. Menyu ya TV safi. Nguvu 78, ubora 12. Chaneli zote. Imeanza jana usiku baada ya upepo." Nikamwambia asubiri bati likauke, kijana apande na simu, yeye akae mbele ya menyu amsomee ubora huku dishi likisogezwa kidogo kidogo. Kumi na mbili, tisa, rudi, ishirini, arobaini. Ilipofika sabini na moja nikasema kaza boli, ashuke. Jioni bodaboda akaniletea sato wawili.